Mjamzito mwenye ugonjwa wa zinaa: jinsi ya kupanga njia ya kujifungua, hatua kwa hatua

Maswali ya kina mama kuhusu jambo hili yanarudia makosa mawili yaleyale.

La kwanza: mama anaambiwa kliniki kwamba ana kaswende au VVU, kisha anasikia mtaani kwamba mwenye ugonjwa huo lazima apasuliwe. Anaogopa kisu, anaikimbia hospitali, anajifungulia nyumbani. La pili: mama ametokwa na vipele vinavyouma sehemu za siri wiki mbili kabla ya tarehe yake. Anaona aibu kumwonyesha mkunga, anajifungua zahanati kwa njia ya kawaida, na hakuna aliyejua. Kosa la kwanza linamweka mama hatarini. La pili linaweza kumuua mtoto.

Wote wawili wamedhani jina la ugonjwa ndilo linaloamua. Kinachoamua ni hali ya mwili wako wiki za mwisho na siku ya uchungu: kama kuna kidonda au hakuna, kama virusi viko juu au vimefubazwa, kama maambukizi ni mapya au ya zamani, kama dawa umeimaliza. Mambo hayo yanapimika au yanaonekana kwa macho, na ukiyaandaa mapema hutaamuliwa kwa pupa ukiwa kitandani leba.

Dozi nimezitaja ili ujue unachopewa na uweze kuuliza. Usizichukue kwenda kununua mwenyewe. Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye pakiti.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya kliniki, au kijitabu cha mama na mtoto kama uko Kenya.
- Majibu yote ya vipimo yakiwa na tarehe. Jibu lisilo na tarehe halimsaidii daktari.
- Daftari dogo au simu ya kuandikia siku vipele vilipotokea na siku vilipokauka.
- Kioo kidogo na tochi, vya kujikagua mwenyewe nyumbani.
- Pakiti za dawa ulizotumia, hata zilizokwisha.
- Jina la hospitali yenye chumba cha upasuaji, na namba ya mtu mwenye gari au bajaji atakayekufikisha usiku.
- Ndugu wawili au watatu walio tayari kuchangia damu ikihitajika.
- Mtu mmoja unayemwamini anayejua siri yako. Akiwa mume, vizuri. Kama si mume, dada au shoga yako anatosha, ila awe mtu atakayeweza kumweleza mkunga endapo uchungu utakuzidi.

## Hatua ya 1: Pata jina kamili la ugonjwa

Kwetu kila kinachowasha huitwa fangasi, na kila kinachochoma wakati wa haja ndogo huitwa UTI. Mama anaweza kumeza vidonge vya UTI mimba nzima kumbe ana malengelenge ya sehemu za siri (herpes, yaani vipele vya majimaji vinavyoletwa na virusi). Bila jina sahihi hatua zote zinazofuata haziwezekani.

Hudhurio la kwanza kliniki utapimwa VVU na kaswende, mara nyingi kwa tone moja la damu kwenye kipimo kimoja. Omba kurudiwa kupimwa katika miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu mtu anaweza kuambukizwa akiwa tayari mjamzito. Uliza pia kuhusu kipimo cha homa ya ini B.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: malengelenge ya sehemu za siri hayamo katika vipimo vya kawaida vya kliniki. Hugunduliwa kwa kukiona kidonda au kuchukua sampuli yake kikiwa bado kibichi. Usipomwonyesha mtu, kadi yako itasomeka safi mpaka siku ya kujifungua.

*Tahadhari:* usipake dawa ya duka kabla ya kuonyesha kidonda. Utakikausha, na mkunga hatakuwa na cha kuona.

*Umefaulu ikiwa:* kadi yako ina jina la ugonjwa, tarehe uliyogunduliwa na dawa uliyopewa.

## Hatua ya 2: Ujue ugonjwa wako unaangukia wapi

Magonjwa ambayo peke yake hayaleti kisu: kaswende, kisonono, klamidia, trikomonasi na homa ya ini B.

Kaswende humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma akiwa bado tumboni. Kumpitisha juu badala ya chini hakumkingi na kitu kilichokwisha kumfikia. Kinachomwokoa ni sindano iliyochomwa kwa wakati.

Kisonono na klamidia humpata mtoto anapopita ukeni, hasa machoni, na kisonono kinaweza kumpofusha. Lakini haya yanatibika kabla ya uchungu, na mtoto hupakwa dawa ya macho akishazaliwa. Hakuna sababu ya kupasua tumbo kwa ugonjwa unaoondoka kwa dawa.

Homa ya ini B hukingwa kwa chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Mama mwenye virusi vingi sana hupewa pia tenofovir kuanzia karibu wiki ya 28. Uliza mapema kama hospitali yako inayo chanjo hiyo ya siku ya kwanza, kwa sababu ile ya pentavalenti ya wiki ya 6 inachelewa kwa mtoto wa mama mwenye virusi.

Ugonjwa unaotegemea ukubwa: masundosundo ya sehemu za siri. Mimba huyafanya yakue haraka, na mama wengi huingiwa na hofu. Upasuaji huhitajika pale tu yanapoziba njia au yanapoonekana yatachanika na kutoa damu nyingi. Yakiwa madogo, jifungue kwa kawaida. Usipakwe podofilini ukiwa mjamzito. Zipo tiba nyingine ambazo daktari anaweza kutumia.

Ugonjwa unaotegemea kipimo: VVU.

Ugonjwa unaotegemea macho na kalenda: malengelenge.

Hayo mawili ya mwisho yana hatua zake hapa chini.

## Hatua ya 3: Maliza tiba mapema, na mwenzi atibiwe

Mjamzito mwenye kaswende hutibiwa kwa sindano ya benzathine penicillin, yuniti milioni 2.4, msulini. Kaswende changa huhitaji sindano moja. Kaswende ya muda mrefu, au isiyojulikana ilianza lini, huhitaji sindano tatu, moja kila wiki.

Lenga kumaliza angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Ukichelewa hapo bado utachomwa, lakini mtoto atahesabiwa kama hakukingwa na atatibiwa baada ya kuzaliwa. Ukiambiwa penisilini imekwisha, omba rufaa kwenda ilipo. Dawa mbadala zinaweza kukutuliza wewe zisimfikie mtoto vya kutosha, na doxycycline haitolewi kwa mjamzito.

Saa chache baada ya sindano unaweza kupata homa, kutetemeka au tumbo kukaza. Huo ni mwili unaoitikia kufa kwa vijidudu. Rudi kituoni ukaangaliwe, wala usikatae sindano inayofuata.

Mwenzi asipotibiwa, tiba yako ni kazi bure. Atakuambukiza tena mwezi wa nane na utaingia leba ukiwa na ugonjwa mpya. Kama huwezi kumwambia, mwombe mkunga akupe karatasi ya kumwita, au mtumie kondomu mpaka ujifungue.

*Umefaulu ikiwa:* kadi inaonyesha tarehe za sindano zote, na mwenzi ametibiwa.

## Hatua ya 4: Malengelenge, hapa usiharakishe

Katika magonjwa yote niliyoyataja, huu ndio unaobadilisha njia ya kujifungua mara nyingi zaidi, na ndio unaofichwa zaidi. Soma kwa utulivu.

### Kwanza, amua kama ni mara ya kwanza au ni ya kurudi

Mwili unapokutana na virusi hivi kwa mara ya kwanza hutengeneza askari wa kupambana navyo, na askari hao huvuka kondo kwenda kumkinga mtoto. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Ukiambukizwa kwa mara ya kwanza wiki sita za mwisho, mtoto atapita kwenye vidonda vyenye virusi vingi akiwa hana kinga yoyote kutoka kwako. Hapo kati ya watoto 100 wanaozaliwa kwa njia ya kawaida, 30 hadi 50 wanaweza kuambukizwa.

Mama mwenye malengelenge ya miaka mingi ameshampa mtoto kinga. Hata vidonda vikimtokea siku ya kujifungua, hatari ni chini ya watoto 3 kwa 100.

Tofauti ni kubwa mno. Ndiyo maana ile tarehe ya vipele vya kwanza ina thamani kuliko maelezo mengine yote utakayompa daktari.

Dalili za mara ya kwanza huwa kali: homa, mwili kuuma, mitoki kwenye kinena, vidonda vingi pande zote mbili, na kukojoa kunakuwa mateso. Vya kurudi huwa vichache, mahali palepale, na hutanguliwa na kuwashwa au kuchomachoma. Hata hivyo dalili si hakika. Mtu anaweza kuwa na virusi miaka mingi na kutokwa na vidonda kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Hospitali kubwa zinaweza kupima damu ili kutofautisha, na katika miezi mitatu ya mwisho inafaa kuuliza.

### Pili, tumia dawa ya kuzuia

Shambulio la kwanza hutibiwa kwa acyclovir wakati wowote wa mimba. Kuanzia wiki ya 36, mwenye historia ya malengelenge huweza kupewa acyclovir miligramu 400 mara tatu kwa siku mpaka ajifungue. Lengo ni vidonda visitokee siku ya uchungu. Mwenye VVU pia, au aliye na dalili za kujifungua kabla ya wakati, anaweza kuanzishiwa mapema zaidi.

Usiache dawa kwa kuwa vipele vimekauka. Virusi vinaweza kutoka kwenye ngozi isiyo na kidonda.

### Tatu, jua uamuzi unafanywaje

- Shambulio la kwanza ndani ya wiki sita za mwisho: upasuaji hupendekezwa, hata kama vidonda vimeanza kukauka.
- Shambulio la kwanza miezi ya mwanzo, na siku ya uchungu hakuna kidonda: njia ya kawaida.
- Malengelenge ya zamani, hakuna kidonda wala mwasho siku ya uchungu: njia ya kawaida, bila wasiwasi.
- Malengelenge ya zamani, kidonda au mchomo umeanza siku ya uchungu: hapa madaktari wanatofautiana. Miongozo ya Marekani hupendekeza upasuaji. Ya Uingereza humwachia mama nafasi ya kuchagua njia ya kawaida akishaelezwa kwamba hatari ni ndogo.

Kwa hali hii ya mwisho, mimi naona uzito uwekwe kwenye uwezo wa mahali ulipo. Kama upasuaji salama uko karibu, ukubali. Kama kuufikia ni saa nyingi za barabara mbovu na uchungu umeshakolea, mkunga anayejua siri yako anaweza kukuzalisha kwa tahadhari, na mtoto akafuatiliwa kwa karibu. Ongea hayo na daktari wiki ya 36. Usiku wa uchungu utakuwa umechelewa.

*Tahadhari kwa mwenzi:* kama yeye ana malengelenge na wewe hujawahi, msikutane kimwili miezi mitatu ya mwisho. Hii ni pamoja na kutumia mdomo, kwa sababu virusi vya vidonda vya mdomoni huambukiza huko chini pia.

## Hatua ya 5: VVU, uliza namba yako

Bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akiwa kwenye ARV na virusi vimefubazwa, idadi hushuka chini ya 5, na kwa mama aliyefubaza virusi tangu mapema inakuwa ndogo zaidi ya hapo. Kisu peke yake hakifanyi kazi hiyo.

Nenda kwenye kliniki yako ya dawa, CTC kwa Tanzania au CCC kwa Kenya, ukaombe kipimo cha wingi wa virusi mapema ili jibu liwepo mkononi kufikia wiki ya 36. Majibu yanaweza kuchukua siku nyingi, kwa hiyo usisubiri wiki yenyewe. Kisha uliza swali moja: "Namba yangu ni ngapi?"

Chini ya 50 (ni hesabu ya virusi katika mililita moja ya damu), au havionekani: jifungue kwa njia ya kawaida. Upasuaji hautamwongezea mtoto kinga, na wewe utabaki na mshono, hatari ya kuvuja damu na kovu la kuangaliwa mimba ijayo.

Zaidi ya 1,000: upasuaji uliopangwa, karibu wiki ya 38, kabla uchungu haujaanza na chupa haijapasuka, hupunguza hatari. Faida hupungua sana uchungu ukishaanza. Si kila hospitali hufanya upasuaji kwa sababu hii pekee, kwa hiyo uliza mapema, na wakati huohuo daktari atafute kwa nini dawa hazifanyi kazi: zinarukwa siku nyingine, zimetapikwa, au virusi vimekuwa sugu.

Katikati ya hapo: daktari ataangalia kama namba inashuka au inapanda. Leta jibu la zamani pia.

Ukigundulika na VVU mwezi wa tisa au leba, usikate tamaa. Dawa huanza siku hiyohiyo.

*Umefaulu ikiwa:* unaijua namba yako kwa kichwa na imeandikwa kwenye kadi.

## Hatua ya 6: Wiki ya 36, chagua mahali na uandikishe mpango

Zahanati haina chumba cha upasuaji. Vituo vya afya vingine vinacho, vingine havina. Kama una malengelenge, virusi viko juu, au una masundosundo makubwa, panga hospitali ya wilaya au ya rufaa, na kama unakaa mbali sogea karibu wiki mbili kabla.

Kuongea ni kugumu, najua. Jaribu hivi: "Dada, naomba tuongee faragha. Nina malengelenge ya sehemu za siri tangu mwaka juzi. Naomba uniandikie kwenye kadi ili watakaonizalisha wajue." Muhimu ni hilo la kuandikiwa. Mkunga aliyekusikiliza kliniki huenda asiwe zamu usiku wako.

Maneno ya kadi yawe mafupi: ugonjwa, mwaka ulioanza, dawa na tarehe, kipimo cha mwisho, na ombi la kukaguliwa vidonda kabla ya chupa kupasuliwa.

Kama unaogopa wifi au mama mkwe ataisoma kadi, mwambie mkunga. Yapo maandishi ya kitaalamu ambayo wahudumu huyaelewa bila kutaja ugonjwa kwa lugha ya mtaani.

## Hatua ya 7: Siku ya uchungu

1. Uchungu ukianza, jikague kwa kioo na tochi kabla ya kutoka nyumbani. Angalia mashavu ya uke, njia ya haja kubwa, mapaja na makalio.
2. Meza dawa zako kama kawaida. ARV zisirukwe kwa sababu ya uchungu.
3. Chupa ikipasuka nyumbani, ondoka papo hapo. Kila saa inayopita baada ya chupa kupasuka huwapa virusi nafasi ya kupanda kwa mtoto.
4. Mkabidhi mkunga kadi na useme kwa mdomo wako. Omba akukague kwa mwanga mzuri.
5. Kama una kidonda cha malengelenge au virusi vya UKIMWI viko juu na unajifungua kwa kawaida, omba wasipasue chupa, wasivute mtoto kwa mashine na wasiongeze njia bila sababu ya lazima. Kila mchubuko ni mlango.

*Tahadhari:* usiweke dawa ya kienyeji ukeni ili "kusafisha njia". Inachubua, na haiui virusi.

## Hatua ya 8: Mtoto akishatoka

Aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa dawa ya maji, kwa kawaida nevirapine kwa wiki 6. Walio katika hatari kubwa hupewa dawa zaidi ya moja na kwa muda mrefu. Kipimo chake cha kwanza huwa wiki ya 4 hadi ya 6, na kunyonya huendelea huku mama akimeza dawa zake.

Mtoto wa mama mwenye kaswende akaguliwe kabla ya kuruhusiwa, hata akionekana mzima. Macho yapakwe tetracycline ya asilimia 1 mara tu baada ya kuzaliwa. Yakivimba na kutoa usaha siku za kwanza, rudi siku hiyohiyo. Kuyakamulia maziwa ya mama si dawa yake.

Mtoto wa mama mwenye malengelenge aangaliwe kwa makini wiki nne za kwanza. Akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa au baridi isiyo ya kawaida, degedege, au vipele vya majimaji, mkimbize hospitali na useme neno malengelenge mlangoni. Dalili hizi hufanana na za maambukizi ya kawaida ya bakteria kwenye damu, na acyclovir ya mishipani inayomwokoa haitaanzishwa kama hakuna aliyeitaja.

Mnyonyeshe, isipokuwa kama kuna kidonda kwenye titi lenyewe. Hilo lipumzishe, atumie lingine. Na mgeni yeyote mwenye kidonda mdomoni, awe bibi au shangazi, asimbusu.

Mimba ijayo, beba kadi hii. Kama safari hii ulipasuliwa kwa malengelenge ya mara ya kwanza, safari ijayo yatahesabiwa kuwa ya zamani na unaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, ila iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji kwa sababu ya kovu.